Kiti cha Jiwe cha Bibi Marsela

Bibi yangu Marsela alikuwa na jicho moja na viti viwili. Kiti kimoja cha plastiki, cha bluu, nilimnunulia mimi nilipoanza kushika hela ya boda pale Mpanda. Nikakifunga nyuma ya pikipiki, nikakipandisha milima yote mpaka Mwese, nimevimba utadhani nampelekea gari. Akakipokea, akashukuru, akakiingiza ndani, akawa anaanikia mboga juu yake. Kiti cha pili kilikuwa jiwe. Hicho ndo alichokalia miaka arobaini.

Nasimulia kwa sababu watu wameanza kuipotosha hii habari. Kuna mmoja kijiweni kwetu, karibu na stesheni, anasema eti bibi yangu alikuwa amekalia dhahabu bila kujua. Nilimkunja shati, wenzangu wakatuachanisha. Dhahabu gani? Angekuwa amekalia dhahabu nisingekuwa nakula vumbi na wewe hapa.

Bibi alikuwa anagonga kokoto. Unachimbua jiwe kwenye mlima, unalibeba, unaliweka juu ya jiwe lingine, unalizungushia kipande cha mpira wa tairi ili vipande visikurukie, unagonga. Asubuhi unaanza na jiwe kubwa kama kichwa cha ng'ombe, jioni una ndoo tatu nne za vipande vinavyoenea kiganjani. Fundi akija anachota anaenda kumwagia zege. Kazi yote ndo hiyo. Huo mpira wa tairi bibi alikuja kuujua akiwa ameshapoteza jicho la kushoto.

Nyundo haikuwa yake. Ilikuwa ya babu yangu, Telesphor. Babu aliondoka kwenda kwenye machimbo ya dhahabu, akasema anarudi mvua zikianza. Mvua zikaanza, zikaisha, zikaanza tena. Wengine wakasema shimo lilimfukia, wengine wakasema ameoa huko ana watoto. Alichoacha nyumbani ni nyundo na koti. Koti bibi alilivaa mpaka likaisha. Nyundo akapanda nayo mlimani, mama yangu Lucia yuko mgongoni, mwaka ule kijiji kilipoanza kujenga zahanati.

Sasa wagonga kokoto wa kwetu wana kawaida yao moja. Jiwe la kwanza kabisa unalochimbua siku unayoanza kazi, hilo huligongi. Unalikalia. Linakuwa lako mpaka unakufa, na ukishakufa linawekwa kichwani kwako kaburini. Nani alianzisha, sijui, na hata bibi alikuwa hajui. Rafiki yake Romana aliyekuwa anagonga naye bega kwa bega, jiwe lake jeupe liko kichwani kwake mpaka leo, ukipita njia ya kisimani unaliona. Mtu akikalia jiwe la mwenzake ni ugomvi. Mi nilishachapwa kwa kukalia la Romana, na nilikuwa mtoto wa miaka sita, nimechoka tu.

Romana na wenzake walikuwa wameanzia shimo la chini, kwenye mawe meupe. Bibi kwa ubishi wake akaenda juu zaidi peke yake, akakuta mwamba wa ajabu. Una mistari. Mweusi, mweupe, mweusi, mweupe, myembamba kama chapati zimepangwa, halafu mistari yenyewe inapanda na kushuka, inajikunja mviringo. Chukua kabichi, ikate katikati, tazama pale ulipokata. Ndo mwamba ulivyokuwa. Jiwe la kwanza alilolitoa pale akaliviringisha mpaka uwanjani kwake, akalikalia. Wenzake walipoona mwamba wake unapasuka vizuri, wakahama wote na viti vyao wakaja kwake. Pakaitwa Mistarini.

Mi nimekulia Mistarini. Mama aliolewa Sumbawanga, mume mpya hakutaka mtoto wa kuja naye, nikabaki na bibi. Nikifumba macho sa hivi nasikia zile nyundo. Zilikuwa hazigongi pamoja. Ya bibi nzito, ya Romana haraka haraka, ya Immaculata jirani yetu inagonga, inasimama, maana Immaculata hawezi kugonga na kusengenya kwa wakati mmoja. Nikitoka shule njiani nilikuwa najua nani yupo na nani ameumwa kwa kusikiliza tu. Siku zile nilikuwa naona aibu. Wenzangu walikuwa wananiita Kokoto, nawapiga, wananipiga, narudi nimechanika.

Bibi alikuwa hanigombezi. Ananiangalia na lile jicho moja.

"Mume wangu, nani kakuoa leo?"

"Niache bibi."

"Njoo ushike jiwe. Hasira haina mshahara."

Basi nakaa chini, nabana jiwe kwa miguu, yeye anagonga. Hapo ndo alinifundisha kitu ambacho nilikidharau sana. Alikuwa hagongi hovyo. Jiwe kubwa likimgomea analimwagia maji, halafu anakaa, anangoja. Jua linakausha jiwe. Lakini kuna uzi mmoja wa maji unabaki, mwembamba kama mshono, haukauki upesi kama kwingine. Pale pana ufa ndani. "Jiwe lina mahali linapotaka kufunguka," ananiambia. "Usipopajua utalipiga mpaka kesho, na litakurudishia usoni." Halafu anagusa jicho lake bovu, anacheka. Mi nilikuwa nasema moyoni, siku nikitoka hapa sigusi jiwe tena maisha yangu yote.

Nikatoka. Darasa la saba sikufaulu, nikaenda mjini, nikaosha magari, nikauza mitumba, nikapata pikipiki. Mistarini nako kukaisha. Sio kuisha kwa maneno, kuisha kweli: waliugonga ule mwamba mpaka mwisho. Ukaingia zahanati, ukaingia madarasa, ukaingia msingi wa kanisa la kigango chetu. Pakabaki shimo linalojaa maji masika na bata wa watu wanaogelea. Romana akafa. Bibi akabaki na kifua. Lile vumbi la miaka arobaini lilikuwa limeingia humo ndani, akikohoa unasikia kama kokoto zinamwagwa. Nilimpeleka hospitali mjini, wakampiga picha, daktari akaniita pembeni akaniambia mapafu yamechoka, tumpe dawa za kumtuliza. Bibi akaniuliza tukiwa njiani kurudi, tumesimama Kabungu kunywa maji.

"Kasemaje?"

"Kasema upumzike."

"Denis, usinidanganye, nimekuosha matako wewe."

Akanywa maji yake taratibu.

"Utaniwekea kiti changu," akasema. "Kizima. Usimwachie mtu mwingine, ubebe mwenyewe."

Nikaapa. Pale pale barabarani, kwa jina la Mungu na jina la mama yangu. Kumbuka hilo.

Kiangazi kilichofuata nipo kijiweni, akaja jamaa mmoja mrefu, ana begi mgongoni, kofia ya jua, viatu vya kupandia mlima. Tukajua mnunuzi wa dhahabu, wote tukamkimbilia. Kumbe sio. Anaitwa Maduhu, Msukuma, anafundisha chuo kikuu mambo ya miamba. Akatoa karatasi ya zamani imekuwa ya njano. Anasema kuna mtaalamu aliyepita milima ya Mwese kwa miguu kabla hata sisi hatujazaliwa, akaona mwamba, akauchora, hakurudi tena. Anauliza nani anaijua Mwese.

Nikatazama mchoro. Kabichi iliyokatwa.

"Huyo mzungu wako," nikamwambia, "kachora kiti cha bibi yangu."

Maduhu akakaa kwenye kiti cha pikipiki ya watu bila kuomba. Akaniuliza maswali kama polisi. Nilipomwambia mwamba umeisha wote, akafumba macho. Nilipomwambia limebaki jiwe moja, kubwa, anakalia bibi, akanishika mkono.

"Mpigie simu. Mwambie asiliguse. Lisiguswe kabisa, libaki lilivyo, hata na uchafu wake. Umenielewa?"

"Nimekuelewa, mkuu."

Nilimwelewa. Siwezi kusema sikumwelewa. Lakini nikalifikiria lile jiwe uwanjani: kuku wanalinyea, lina masizi, lina makohozi. Nikafikiria mtu wa chuo kikuu anakuja kwetu anakuta hivyo. Ile aibu ya zamani ya kuitwa Kokoto ikanipanda upya. Nikampigia bibi, akaenda kusimama pale kwenye kichuguu ambapo simu inashika.

"Bibi, nakuletea mgeni mkubwa kesho. Anakuja kuona kiti chako. Kiweke safi."

"Safi kama kokoto za mkandarasi?"

"Safi zaidi ya hapo."

Anayejua kazi ya kokoto ameshanielewa. Mnunuzi mkubwa akija, kokoto unaziosha kwanza. Zikiwa na vumbi anasema mbovu, anakuachia. Kwa hiyo kwa wagonga kokoto, kumheshimu mgeni ni kuosha jiwe.

Tukaondoka asubuhi na mapema, Maduhu nyuma yangu, mashine yake ya kutoboa miamba nimeifunga kwenye keria. Njia yote anaongea. Anasema kuna mawe machache sana duniani ambayo huenda yametunza alama za viumbe vya kwanza kabisa, vidogo huwezi kuviona, vilivyokuwepo kabla ya mti, kabla ya samaki, kabla ya nzi. Anasema kama ule mwamba ni wenyewe, basi una miaka zaidi ya bilioni mbili. Nikamuuliza bilioni ni ngapi. Akaniambia ukihesabu mwaka mmoja kila unapopumua, hutafika, wala mtoto wako hatafika. Nikaongeza mafuta, maana nilikuwa naona kizunguzungu.

Kwanza alitaka kuona Mistarini. Nikampeleka kwenye shimo. Alisimama pale anawatazama bata. Akashuka mpaka kwenye matope, akaokota vipande viwili vitatu vimeoza kwa jua, akavirudisha.

"Mwingine uko wapi?"

"Uko zahanati."

Alidhani natania. Nikampeleka. Kwenye baraza ya zahanati simenti imebanduka, kokoto zimetokeza, na ukipiga jicho vizuri unaiona mistari. Mtaalamu wa watu akapiga magoti pale, kioo cha kukuzia jichoni, pua kwenye sakafu. Mama mmoja kwenye foleni akaniuliza kwa sauti ya chini, "Huyu degedege au mapepo?" Nikamwambia mwalimu. Akasema pole.

Tulipofika nyumbani, kitu cha kwanza nilichokiona ni bibi amekaa kwenye kiti cha plastiki. Mara ya kwanza. Amevaa kitenge cha kanisani, amejifunga kilemba, miguu imepakwa mafuta. Uwanja umefagiwa mpaka unaona mistari ya fagio. Katikati ya uwanja kuna kitu kimefunikwa kanga. Immaculata yuko pembeni anajifanya anachambua mchele.

"Karibu baba," bibi akamwambia Maduhu, akiwa amemshika kwa mikono miwili. "Karibu sana. Kiti chenyewe hiki hapa."

Akavuta kanga.

Jamani. Lile jiwe lilikuwa linang'aa kama kichwa cha mtoto mchanga. Jekundu. Mistari imetokeza yote, hata mi sikuwahi kuiona vile. Bibi, na kile kifua chake, alikuwa ameamka alfajiri akalisugua kwa gunzi na sabuni ya unga, maji ndoo tatu, likakauka, halafu akalipaka mawese. Chupa nzima.

Nilikuwa natabasamu. Kweli kabisa, nilikuwa nimesimama pale natabasamu, mpaka nilipomtazama Maduhu. Alikuwa kama mtu aliyepigiwa simu ya msiba.

"Mama," akasema pole pole, "umelipaka nini?"

"Mawese baba. Mazuri, ya Kigoma. Sio haya ya kuchanganya."

Akachuchumaa. Akagusa na kidole kimoja, akanusa, akafuta kidole kwenye suruali. Halafu akanitazama mimi. Afadhali angenitukana.

"Si limependeza?" bibi akauliza.

"Limependeza sana, mama."

Akamweleza, na namshukuru kwamba alimweleza kwa adabu. Anachotafuta ndani ya jiwe ni mabaki ya uhai, kidogo mno, kama punje moja ya chumvi kwenye bahari. Mawese nayo yametoka kwenye mti, nayo ni uhai. Sasa akipima hapo juu atakuta mchikichi wa mwaka jana. Hata pembeni mafuta yameingia, na chini jiwe limekaa miaka arobaini na kuku na mizizi. Alitaka kumega kipande kama ukucha tu pembeni aondoke. Sasa lazima aingie katikati, ambako hakuna kilichogusa. Atoboe.

"Hilo halitobolewi," bibi akasema. "Ukilitoboa linakuwa kokoto."

"Nitatoboa taratibu."

"Baba, we umelijua leo."

Hapo mi nikawaka. Nilikuwa natafuta pa kuwakia, maana ningejiwakia mwenyewe ningepasuka. Nikachukua ile mashine, nikairudisha kwenye keria, nikaanza kuifunga kamba.

"Panda twende! Sa hivi! Nyie watu wa vyuo mnakuja mkitaka mnachukua, mkikosa mnavunja. Hilo ni la kaburi lake, unajua? La kaburi! Nimeapa mimi!"

"Denis," bibi akasema.

"Apande! Au atembee mpaka Mpanda, shauri yake!"

"Denis. Nani alimwambia bibi yake asafishe?"

Kumbe alishajua nilikuwa nimekatazwa. Maduhu hakuwa amesema, bibi aliona mwenyewe usoni kwangu. Nikaachia kamba. Immaculata akaacha kabisa kujifanya na mchele.

"Kaa chini, mume wangu," bibi akasema. Halafu akamgeukia Maduhu. "Na wewe kaa. Nielezee hao wadudu. Walikuwa na macho?"

"Hapana, mama."

"Mdomo?"

"Hata mdomo hawakuwa nao."

"Sasa walikula nini?"

"Jua. Walikaa kwenye maji mafupi, wanaota jua, kama ule ute wa kijani kwenye mtungi. Tope likiwafunika, wanapanda juu yake, wanaanza upya. Linawafunika tena, wanapanda tena. Kila mstari huo ni wao."

Bibi akakohoa, ile kokoto ya kifuani ikamwagika, ikatulia.

"Kama sakafu yangu," akasema.

Maduhu hakuelewa. Mi nilielewa. Kila mwaka kabla ya Noeli bibi alikuwa anasiriba sakafu, udongo na mavi ya ng'ombe, juu ya ile ya mwaka jana. Tulipobomoa kizingiti cha zamani uliona matabaka, moja moja, na aliweza kukuonyesha kwa kidole: hapa nilikuwa na mimba ya mama yako, hapa babu yako ameondoka, hapa umeletwa wewe.

"Ukiondoka mikono mitupu, nani atajua walikuwepo?" akamuuliza Maduhu.

"Hakuna, mama. Mwamba uko kwenye sakafu ya zahanati."

"Na mimi ndo niliyeuweka pale." Akainuka kwenye kile kiti cha plastiki. "Immaculata, niletee nyundo. Na ile patasi fupi. Nyie wawili, pindueni jiwe."

"Bibi, kaa. Kifua."

"Pindua."

Tukalipindua. Upande wa chini ulikuwa haujapata mafuta. Akamwagia maji kata nzima, akakaa chini, udongoni, na kitenge chake cha kanisani. Tukangoja. Kuku wakaja wakaondoka. Jua lilikuwa kali, jiwe likaanza kukauka, kwanza pembeni, halafu katikati, na mi nilikuwa namwomba Mungu ule uzi usitokee kabisa, ili aseme haliwezekani. Ukatokea. Mwembamba, unafuata mstari mweusi, umelizunguka jiwe kuanzia huku mpaka huku.

"Ule pale," bibi akasema, kama aliyemwona mtu anayemjua sokoni. "Shika, mume wangu."

Nikakaa, nikalibana kwa miguu kama zamani. Jitu zima, nina pikipiki yangu, nimekaa chini nimebana jiwe. Akaweka patasi kwenye uzi. Akagonga kidogo. Akasogeza, akagonga. Akanizunguka hivyo, anagonga, anapumzika, anahema, ananishika bega. Immaculata akashindwa kuvumilia.

"Eeh, Marsela! Unagonga au unalipapasa? Mkono wa bibi harusi huo!"

"Nyamaza we, lako la kwanza lilikukatisha kucha!"

Wakacheka wote wawili, na mi nikacheka huku nabana zaidi. Maana nilijua ninachokishika. Likienda vibaya, nimevunja kiapo na jiwe pamoja, na kosa ni langu kuanzia kwenye simu. Bibi akazunguka mara ya pili. Mlio ukabadilika. Mwanzo ulikuwa mkavu, sasa ukawa kama unagonga mlango wa chumba kitupu. Akasimamisha nyundo hewani, akanitazama na lile jicho.

"Usifumbe macho," akasema. "Ukifumba ndo linarusha."

Akashusha.

Halikurusha hata chembe. Lilifunguka tu, pole, likalala pande mbili. Pakatoka harufu kama kiberiti kilichozimwa. Na ndani pale, jamani, kabichi. Zimepangana, kubwa na ndogo, nyeusi kwa nyeupe, kavu, safi, hakuna mawese, hakuna jua, hakuna mtu aliyewahi kuziona tangu hiyo bilioni. Sisi wanne ndo tulikuwa wa kwanza. Bibi aliinamisha uso akanusa.

"Mistarini," akasema. "Asubuhi, kabla Romana hajafika."

Ule upande mnene wa chini akampa Maduhu, akamwambia achukue katikati anapotaka. Yeye akabaki na bapa la juu, lile alilolikalia. Akalijaribu hapo hapo. Likawa fupi mno, magoti yakamfika kidevuni.

"Nimekuwa chura," akasema.

Kwa hiyo miezi yake iliyobaki alikalia kiti changu cha bluu, na kila nilipokwenda analalamika kinamtelezesha. Maduhu alinipigia baada ya masika kuanza. Anasema wamelipima. Anasema mistari inafanana kabisa na ya viumbe, na kuna weusi fulani ndani unaoweza kuwa mabaki yao, lakini wenzake wengine wanabisha, wanasema jiwe lenyewe linaweza kujikunja vile kwa joto. Kwa hiyo huenda.

"Huenda?" Nilipiga kelele abiria wangu akashtuka. "Mmepasua kiti cha bibi yangu halafu mnaniambia huenda?"

"Ndugu yangu, hiyo huenda watu wanaitafuta maisha yao yote."

Nilikata simu. Nikapanda Mwese kumwambia bibi nikiwa nimefura. Alikuwa amelala, anasikiliza mvua kwenye bati. Nikamsimulia yote, na matusi juu.

"Sasa unagomba nini?" akasema. "Babu yako alifukiwa au alioa? Huenda hiki, huenda kile. Mi nimekaa na huenda miaka arobaini, na nimepika, na nimekula, na nimekulea." Akapumua. "Unakumbuka Romana alivyokuwa anagonga?"

Nikamgongea kwa vidole kwenye ubao wa kitanda. Haraka haraka.

"Polepole kidogo kuliko hapo," akasema. "Eeh. Hivyo."

Alifariki wiki mbili baadaye, mchana, Immaculata yuko naye. Lile bapa nililibeba mwenyewe, begani, kutoka uwanjani mpaka makaburini, sikumwachia mtu. Alikuwa ameshaniagiza: lisimamishwe, upande wa kabichi uangalie njia. Lingekuwa zima lisingesimama vile. Kizima nilikuwa nimeapa, na hakikuwa kizima, hilo nalijua na nimelisema kwa padri.

Juzi nilikwenda kupalilia kaburi. Mvua ilikuwa imetoka kunyesha, jua likawaka. Nikakaa chini, nikalitazama bapa linavyokauka, pembeni, katikati. Ukabaki uzi mmoja wa maji, unafuata mstari mweusi, huku mpaka huku. Nyundo ya Telesphor nilikuwa nayo kwenye boksi la pikipiki, nikaiacha humo humo. Nikamalizia majani, nikanawa mikono na maji yaliyobaki kwenye dumu, nikawasha pikipiki nikashuka. Pale zahanati nikapunguza mwendo, nikaitazama ile baraza.